Sura ya 6: Kubadilisha Filta ya AC

Filta ya AC ni karatasi au kitambaa kilichokunjwakunjwa, kinachochuja hewa inayoingia ndani ya gari. Ni tofauti na filta ya hewa ya injini, ambayo hukaa chini ya boneti. Hewa ya nje huingilia kwenye matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, karibu na waipa. Feni huivuta kupitia filta, ikapita kwenye koili ya kupozea, ndipo itokee kwenye dashibodi. Njia ni hiyo hiyo hata AC ikizimwa, mradi feni inazunguka.

Watengenezaji wengi hushauri filta ibadilishwe kila kilomita 15,000 hadi 20,000, au mara moja kwa mwaka. Kwa gari la Kibaha muda huo ni mrefu mno. Barabara ya Morogoro inayopita hapo hupitisha malori yatokayo bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo, na moshi wake wa dizeli huingia katika magari yanayofuata nyuma. Nje ya lami, Maili Moja, Mlandizi hata vijiji vya Kisarawe, mitaa mingi ni ya mchanga na udongo, na kuanzia Juni hadi Septemba vumbi halitulii. Gari linalolazwa chini ya mwembe au mkorosho huokota pia majani na maua, ambayo hurundikana juu ya filta na kuoza masika yanapoingia. Kwa mazingira hayo, filta ikaguliwe kila miezi mitatu na ibadilishwe kila baada ya kilomita 7,000 hadi 10,000.

Dalili za filta iliyoziba ni tatu: feni kuvuma kwa nguvu huku upepo ukitoka kidogo, harufu ya uvundo AC inapowashwa, na ukungu kuchelewa kuondoka kwenye vioo wakati wa mvua.

Dukani, mnunuzi ataje aina na mwaka wa gari, au aende na filta ya zamani ilinganishwe. Namba nyingi za filta hizi za Toyota huanza na 87139. Filta ya kawaida huwa nyeupe na huzuia vumbi na chavua. Yenye mkaa huwa ya kijivu au nyeusi, na hupunguza pia harufu ya moshi.

Katika Toyota nyingi ndogo, kazi haihitaji spana. Gari lizimwe, na droo ya dashibodi iliyo mbele ya abiria iondolewe vitu vyote. Kama ina kijiti kinachoizuia kufunguka kwa kishindo, kichomolewe taratibu. Kuta mbili za droo zibanwe kwa ndani hadi vizuizi viachie, kisha droo ishushwe. Nyuma yake huonekana kifuniko chembamba cha plastiki. Klipu zake zikibonyezwa, hutoka. Filta ivutwe ikiwa imelala sawa, kwani ikiinamishwa takataka humwagikia kwenye feni. Sehemu inamokaa ifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo.

Filta mpya huwa na mshale. Ukiwa ni wa mwelekeo wa hewa, ufuate hewa inakokwenda. Ukiwa na neno UP, uelekee juu. Baadhi ya magari yaliyotumika Japani hufika yakiwa na nafasi tupu bila filta. Hapo huwekwa inayolingana na nafasi hiyo.

Gereji nyingi huipuliza filta chafu kwa upepo wa kompresa. Vumbi la juu hutoka, lakini chembe ndogo hubaki, na upepo mkali hutoboa karatasi. Kuifua ni kuiharibu kabisa. Kuikung'uta polepole ni msaada wa siku chache tu, mpya ikisubiriwa.

Droo ikisharudishwa, feni ijaribiwe kwa kasi zote. Mlio wa kukwaruza ni ishara kwamba jani au kipande cha takataka kimeangukia ndani, na sharti kitolewe kabla ya safari.