Likizo Lampedusa: Bahari moja, wasafiri wa aina mbili

Hiyo picha umeiona, hata kama jina la mahali hulijui. Mashua nyeupe juu ya maji maangavu kiasi kwamba kivuli chake kinaonekana chini kwenye mchanga, ukaapa inaelea hewani. Uliiona ukiwa kwenye matatu, foleni ya Thika Road haisongi, ukaihifadhi kwenye simu na kumtumia rafiki yako: "Siku moja, msee."

Mahali hapo panaitwa Lampedusa. Ni kisiwa cha Italia katika Bahari ya Mediterania, kidogo kweli: kilomita mraba 20 hivi na wakazi wapatao 6,000. Ukikitafuta kwenye ramani utacheka, maana kiko karibu zaidi na Tunisia kuliko Sicily. Wanajiolojia wanasema mwamba wake uko kwenye bamba la Afrika. Yaani Mzungu akienda kuota jua huko, kwa hesabu za mawe amekuja kwetu. Lakini viza utaombwa wewe.

Najua wengi wenu mnapanga likizo ya ng'ambo, na visiwa vya Mediterania viko juu kwenye orodha. Kwa hivyo acha nikupe mambo yote kuhusu hiki kimoja: raha yake, hesabu yake, na kile ambacho picha haikuonyeshi.

Siku moja kiangazini

Kama umezoea Mombasa, jambo la kwanza litakalokushangaza ni kwamba maji hayaendi popote. Pale Nyali unaamka unakuta bahari imekupwa, mwani na miamba viko wazi, watu wanatembea mahali ambapo jana waliogelea. Mediterania karibu imezungukwa na nchi kavu pande zote, na mlango wake wa kuingia bahari kuu pale Gibraltar ni mwembamba. Kwa hivyo maji hupanda na kushuka kidogo tu. Taulo ulilotandika asubuhi utalikuta palepale jioni, likiwa kavu.

La pili ni jua. Mwezi Juni linazama saa mbili ya usiku ikiwa imeshapita. Unakula chakula cha jioni kukiwa bado kweupe, na mwili wako wa Nairobi haujui kama ni saa ya kulala au ya kuendelea kucheza.

La tatu ni ukavu. Kisiwa hakina miti ya maana, na kivuli ni cha kutafuta. Beba kofia, maji ya kutosha na mafuta ya kujikinga na jua. Tena usidanganywe na wale wanaosema ngozi nyeusi haiungui. Inaungua.

Ufuo wenye sifa kubwa ni Spiaggia dei Conigli, yaani Ufuo wa Sungura. Mwaka wa 2013 watumiaji wa TripAdvisor waliuchagua kuwa bora zaidi duniani. Usitarajie vitanda vya kukodi vimepangwa hadi kwenye maji wala mtu wa kukuletea madafu. Hapo ni hifadhi ya mazingira. Wakati wa kiangazi unajisajili mapema kwa zamu ya asubuhi au ya alasiri, na idadi ya watu ina kikomo. Unateremka kwa miguu na maji yako, unapanda na takataka zako.

Sababu ya masharti hayo ni kasa. Kasa aina ya duvi hutaga mayai kwenye mchanga huo, na usiku ufuo unakuwa wao. Kama umekulia Watamu, hili huhitaji kuelezwa.

Siku nyingine panda boti ya kuzunguka kisiwa. Zinasimama kwenye vighuba ambavyo ni vigumu kufikia kwa miguu, kikiwemo Tabaccara, mojawapo ya sehemu zinazotoa zile picha za mashua inayoelea hewani. Jioni watu wote wanamwagika Via Roma, barabara kuu ya mji. Wanatembea bila haraka, mkononi granita, ile barafu iliyosagwa ikatiwa ndimu au lozi. Hakuna anayekimbilia basi la mwisho.

Kuhusu tarehe: Julai na Agosti ndipo kila mtu yuko huko. Agosti 15 ni Ferragosto, sikukuu kubwa ya Waitalia, na karibu na siku hiyo vyumba hujaa na bei hupaa. Juni kuna nafasi lakini maji bado yana baridi kwa mtu wa kutoka Pwani yetu. Mimi ningechagua mwisho wa Septemba. Bahari imekusanya joto la kiangazi kizima, na umati umerudi kazini.

Tupige hesabu

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi. Unafika kwanza jiji kubwa la Ulaya, unaunganisha hadi Palermo au Catania kule Sicily, kisha ndege ndogo ya muda wa saa moja hivi. Ukitaka kubana matumizi, kuna feri inayosafiri usiku kutoka bandari ya Porto Empedocle.

Halafu kuna viza ya Schengen. Tangu Juni 2024 ada kwa mtu mzima ni euro 90, zaidi ya Sh13,000 za kwetu, na ukikataliwa hairudishwi. Utahitaji bima ya usafiri ya angalau euro 30,000, ushahidi wa malazi, ratiba ya kwenda na kurudi, na taarifa za benki. Maombi yanaruhusiwa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na usichelewe hadi siku 15 za mwisho.

Hapa ndipo mahasla tunapokwama. Hizo fomu ziliandikwa na mtu anayewaza mshahara wa mwisho wa mwezi. Wewe unauza viatu Instagram. Jumanne M-Pesa imeingia Sh800, Ijumaa Sh12,000, wiki inayofuata kimya. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Sina barua ya mwajiri wala ya mkuu wa chuo, kwa hivyo naongea na wenzangu hapa.

Dawa yake haina ujanja. Sajili hiyo biashara hata kama ni ndogo. Pitisha mapato yako benki kwa miezi kadhaa mfululizo, weka risiti na ankara, na ujaze ritani za ushuru kwa jina lako. Usiazime laki tatu uzitupe kwenye akaunti wiki moja kabla ya kuomba, kwa sababu afisa anaziona zilivyoingia ghafla na anajua maana yake. Na ajenti anayekuapia kwamba viza yake ni "ya uhakika" anakudanganya. Uamuzi ni wa ubalozi, si wake.

Lakini ukisoma masharti vizuri utagundua kwamba pesa si swali lote. Miongoni mwa sababu za kukunyima viza kuna hii: shaka kuhusu nia yako ya kuondoka kabla muda wako haujaisha. Kwa maneno ya mtaani, wanauliza, "Utarudi kwenu?"

Hilo ndilo linalotenganisha likizo na safari nyingine zote. Likizo ni ya mtu anayeaminika kwamba atarudi nyumbani. Kijana wa Ujerumani anaaminika bila kufungua mdomo. Anapanda ndege na kitambulisho tu. Wewe unaaminika ukibeba bahasha nzima ya karatasi, na pengine usiaminike. Kuna wa tatu ambaye hata fomu haimfikii.

Abiria ambao hawako pichani

Alfajiri ya Oktoba 3, 2013, mwaka uleule ambao Ufuo wa Sungura ulitajwa kuwa bora duniani, meli iliyotoka Misrata, Libya, ilikwama karibu na kisiwa kidogo kilichoupa ufuo huo jina. Ndani yake mlikuwa na zaidi ya watu 500. Wengi walikuwa vijana wa Eritrea waliokimbia huduma ya kitaifa ya lazima ambayo hakuna anayejua itaisha lini. Walikuwemo pia Wasomali. Hawa ni majirani zetu. Eastleigh unakunywa nao chai.

Mtu mmoja aliwasha blanketi ili waonekane kutoka nchi kavu. Moto ukashika mafuta yaliyomwagika, watu wakakimbilia upande mmoja, meli ikapinduka. Walikufa watu 368, wakiwa wanaziona taa za kisiwa. Walionusurika ni 155.

Usiku huo muuza aiskrimu mmoja wa kisiwani, Vito Fiorino, alikuwa amelala baharini na marafiki zake kwenye boti ndogo ya starehe. Walisikia sauti, wakadhani ni shakwe. Walipokaribia waliona vichwa vya watu kila upande. Waliwavuta mmoja mmoja, mikono ikiteleza kwa sababu miili ilikuwa imelowa mafuta, na wakaokoa 47. Walitoka kustarehe, ila hawakuuliza mtu viza kabla ya kumpa mkono.

Meli hazikukoma baada ya hapo. Tangu 2014, zaidi ya watu 30,000 wamekufa au kupotea katika Mediterania. Septemba 2023, kwa muda wa siku mbili hivi, waliotua Lampedusa walikuwa wengi kuliko wakazi wenyewe, ilhali kituo cha kuwapokea kilijengwa kwa ajili ya watu 400 hivi.

Na bado unaweza kukaa huko wiki nzima usimwone hata mmoja. Walinzi wa pwani huwaleta hadi gati la Favaloro, basi huwapeleka kituoni mbali na mji, kisha feri au ndege huwahamishia Sicily na kwingineko. Mtalii yuko Via Roma na granita yake. Njia zao hazikutani, na si kwa bahati.

Kwa hivyo tusiende?

Sijasema hivyo. Wenyeji wanaishi kwa utalii na uvuvi, na chumba kikikaa kitupu hakimsaidii aliye baharini. Raha si dhambi. Kijana wa Kiafrika ana haki ya kulala mchangani bila sababu yoyote, kama Mzungu anavyolala Diani bila kuulizwa anatafuta nini.

Ila ukifika, tenga jioni moja uende kusini mwa mji, karibu na uwanja wa ndege. Utaona mlango mkubwa wa udongo wa kuchomwa umesimama peke yake kwenye miamba, hauna nyumba nyuma yake. Ni Porta d'Europa, Mlango wa Ulaya, kazi ya msanii Mimmo Paladino ya mwaka 2008, kumbukumbu ya waliopotelea baharini. Ukisimama hapo ukitazama majini, unatazama upande wa nyumbani.

Ukinyimwa viza, soma barua ya sababu, rekebisha kilichotajwa, kata rufaa au omba tena. Wakati huo Mombasa ipo: SGR ya daraja la kawaida ni Sh1,500 na hakuna anayekuuliza kama utarudi. Lakini mtu akikunong'onezea kwamba kuna njia ya mkato kupitia Libya, kwamba ukifika baharini umeshafika Ulaya, mkumbushe wale 368. Walikuwa wamefika. Ufuo walikuwa wanauona.

Na kama utanisikiliza kuhusu mwisho wa Septemba, ongeza siku chache hadi Oktoba 3. Italia imeifanya siku ya kitaifa ya kuwakumbuka waliokufa. Kisiwani watu huandamana hadi kwenye ule mlango, kisha boti hutoka na maua kwenda mahali meli ilipozama. Miongoni mwa wanaokuja kila mwaka ni manusura wenyewe, ambao siku hizi wanaishi Sweden, Ujerumani na kwingineko. Wanakuja kwa ndege, na mizigo yao, na tiketi ya kurudi mfukoni. Wengine wanamtafuta yule mzee muuza aiskrimu, wanamkumbatia, wanamwita baba.

Mfanyie nafasi mmoja wao pale mchangani.