Mvua Inayonyesha Ndani ya Shitingi: Namna ya Kulaza Trekta ya Mkono Buleusa



Kuna mzee mmoja Buleusa ambaye kikundi chetu kilikaribia kumfukuza kazi, tena kwa aibu, sababu ya maji yaliyoingia kwenye tangi la mazutu. Nimeona niandike juu ya hayo maji, maana wengi kati yenu mnachanga pesa kununua mashine, na sioni mtu anayeuliza mashine italala wapi.

Tulikuwa vijana tisa. Tulichanga, tukanunua trekta ya mkono, ile ya magurudumu mawili ambayo Watanzania wanaiita pawatila. Injini yake ni S195 ya Kichina, silinda moja, nguvu za farasi 12, ndugu ya zile zinazosaga mihogo sokoni. Tulilima nayo mwezi wa nane na wa tisa, kutayarisha msimu A. Mvua ilipokolea tukaisukuma hadi kwa mzee, tukaifunika kwa shitingi mpya kabisa, tukaifunga kamba juu na chini kama mtoto mgongoni. Tukamwambia, "Papa, utuchungie, mtu asiiguse." Na kweli, hakuna aliyeigusa.

Mwezi wa pili tunafungua ili tulime msimu B. Kutu kila mahali. Panya walikuwa wametafuna mikanda na kuzaa chini ya kiti. Fundi alipofungua tangi, chini yalitoka maji. Hapo maneno yakaanza: eti mzee ameiba mazutu akajaza maji. Mwingine akasema alimwona na kidumu. Mzee alinyamaza tu. Aliyemwokoa ni fundi. Alishika ile shitingi, akaigeuza, akatuonyesha upande wa ndani: umejaa matone kama dari la jikoni. Akauliza, "Nani aliifunga hivi?" Tulikuwa sisi.

Tuanze na hewa, maana huko njo kosa lilitokea. Huku kwetu ni karibu na ikweta, milima na pori, na hewa imebeba mvuke mwingi karibu mwaka mzima. Udongo chini ya mashine nao unapumua mvuke usiku na mchana. Ukifunga shitingi mpaka chini, mvuke huo hauna pa kutokea. Usiku shitingi inapoa haraka kuliko kitu chochote kilicho chini yake, mvuke unaigusa, unageuka maji, matone yanadondokea chuma. Asubuhi inakuja mvua ya pili: jua linapasha hewa haraka, lakini chuma kizito cha injini bado kina baridi ya usiku, basi kinatoa jasho kama chupa ya Primus iliyotoka kwenye friji. Chuma huanza kushika kutu kwa haraka unyevu wa hewa ukipita kama asilimia 60, na chini ya shitingi iliyofungwa unyevu huo haushuki hata siku moja. Kwa maneno mengine, trekta yetu ingelala nje uchi kabisa, angalau upepo ungekuwa unaikausha.

Na tangi? Tuliliacha nusu. Nusu iliyobaki ni hewa, nayo inatoa jasho kwenye kuta za tangi kila usiku. Maji ni mazito kuliko mazutu, yanashuka chini, kidogo kidogo, miezi minne. Hakuna mwizi hapo.

Kanada na nchi nyingine za baridi, watu wenye trekta ndogo wananunua hema la kitambaa lenye mbavu za chuma, wanaingiza trekta humo wakati wa theluji. Wanaogopa maji ya injini yasigande yakapasua chuma, na theluji isivunje paa. Sisi hatuna theluji. Lakini tazameni kalenda: trekta yetu inafanya kazi kabla ya mvua, halafu inalala wakati mvua inanyesha. Majira yetu ya baridi njo hayo. Wazo la wale wenzetu ni sahihi, yaani mashine ikae chini ya paa lenye nafasi, isiguswe na kitambaa.

Mtu ataniuliza, kwa nini usijenge kibanda cha manjanja uache mambo ya shitingi? Ukiweza, jenga, hudumu zaidi. Lakini mashamba mengi tunayolima ni ya kukodi, msimu huu hapa, msimu ujao ng'ambo ya mto. Tena sisi wa Buleusa tunajua kukimbia. Manjanja ukiyang'oa kwa haraka yanatoboka na kupinda. Shitingi unaikunja, unaiweka kichwani, unaenda.

Sasa kazi yenyewe. Shitingi ya kawaida ya wakimbizi ni mita 4 kwa 5, au 4 kwa 6. Chukua ya 4 kwa 5. Weka mti mmoja wa juu, wa mita 5, katikati, kila upande ushuke mita 2. Ukiilaza miteremko mpaka upate upana wa mita 3 na sentimita 30 hivi, kilele kitakuwa juu ya kingo kwa zaidi kidogo ya mita moja. Usipunguze mteremko huo kwa kuhurumia miti. Paa likilala, maji yanatuama: dimbwi la mita moja ya mraba lenye kina cha sentimita 10 ni kilo 100, na likishaanza linajivuta lenyewe kuwa kubwa mpaka shitingi ipasuke. Kingo ziwe juu ya ardhi kama mita moja. Kati ya mashine na shitingi mkono wako upite bila kugusa. Upande unakotoka upepo wa mvua, teremsha kipande cha ziada, lakini acha chini pengo la shubiri moja. Upande wa pili uwe wazi.

Upepo msiuchezee. Dhoruba ya kilomita 72 kwa saa inasukuma kama kilo 20 kwa kila mita ya mraba. Shitingi yetu ina mita 20 za mraba, basi fanyeni hesabu wenyewe: mzigo wa kilo 400, unaovuta kwenda juu. Njo maana nguzo zizikwe nusu mita na zaidi, na kamba za pembeni zifungwe kwenye vigingi, si kwenye trekta. Usipigilie misumari kwenye shitingi, tundu la msumari ni mwanzo wa mpasuko. Tumia matundu yake yenye pete. Kama yameng'oka, weka kijiwe laini ndani ya shitingi, kikunje, funga kamba shingoni mwa hicho kijiwe; hapo hapang'oki. Kwa kamba, mimi napendelea vipande vya mpira wa ndani wa pikipiki, vile tunavyofungia mizigo kwenye chukudu. Vinanyooka upepo ukivuta, kisha vinarudi. Ncha za miti zivalishwe matambara zisisugue.

Chini sasa, na hapa watu hawaamini. Chimba mfereji kuzunguka. Halafu tandika shitingi kuukuu kwenye udongo, hata ikiwa na matobo, juu yake mawe na mbao, ndipo mashine. Ile ya chini inazuia udongo kupumulia injini yako. Kwetu hiyo shitingi kuukuu ilisaidia kuliko mambo mengine yote tuliyobadilisha.

Jua nalo linakula plastiki. Shitingi ya aina hii, kwa jua letu, ihesabiwe mwaka mmoja, ikibahatika miwili. Ukiisugua kwa kidole ukaona unga na nyuzi, imekwisha. Wazee wanaweka nyasi au majani ya migomba juu yake. Inaishi zaidi, ndani kunakuwa na ubaridi kidogo mchana, tena ile rangi nyeupe haionekani kutoka kilima cha pili. Nafikiri mmenielewa.

Kuhusu mashine yenyewe nitapita haraka. Ioshwe, udongo ulioshikamana unatunza maji. Jaza tangi mpaka juu, hewa isibaki.  Bomba la moshi livalishwe kopo, mvua isiingie kwenye silinda. Zungusha injini kwa mkono mpaka uhisi inakataa, uiache hapo hapo, maana vali zote mbili zimefungwa na hewa ya nje haiingii. Kila wiki mbili iwashwe, lakini kwanza sukuma nje kabisa: moshi chini ya paa dogo unaua, na bomba la moto linayeyusha shitingi. Iache ifanye kazi nusu saa. Dakika tano ni vibaya kuliko kutoiwasha, injini inatengeneza maji kwenye moshi bila kupata moto wa kuyakausha. Kabla ya kulima, toa mazutu kidogo ya chini ya tangi, weka kwenye chupa nyeupe, uache usiku kucha. Maji yakiwepo utayaona yamelala chini.

Neno moja juu ya mahali pa kupata shitingi. Buleusa neno hilo halikuja na trekta, lilikuja na watu waliokimbia. Sokoni utapata yenye nembo ya msaada kwa bei rahisi, na mara nyingi aliyeiuza ameuza paa la watoto wake apate unga. Sisi ile ya kwanza tuliipata hivyo, nasema bila kujificha. Ya pili tulinunua turubai la wafanyabiashara, bei karibu mara mbili, na kikundi kiligombana siku nzima juu ya hiyo tofauti. Mimi nilikuwa upande wa kulipa.

Mzee bado anachunga. Tulimwendea watatu kumwomba msamaha, akatusikiliza, kisha akataka mambo mawili: daftari la kuandika kila siku injini inapowashwa na nani aliyekuwepo, na alama ya rangi kwenye tangi kuonyesha mazutu yalipofika. Daftari liko nyumbani kwake, limeshajaa kurasa kumi na moja.