Hataza na Bei ya Kidonge: Somo la Sheria kwa Watumishi wa Afya

Mgonjwa anayehudhuria kliniki ya tiba na matunzo mjini Dodoma, Kondoa au Mpwapwa hupewa kichupa cha vidonge vya TLD bila malipo. Kidonge kimoja kwa siku kimebeba dawa tatu: tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Mara nyingi kichupa hicho huwa na jina la kiwanda cha India, wala si la kampuni iliyovumbua dolutegravir. Asiyejua historia yake aweza kudhani kwamba amepewa dawa hafifu, au hata bandia. Historia hiyo imo katika sheria ya kimataifa ya miliki ubunifu, somo ambalo watumishi wa afya hawana budi kulifikiria.

Hataza ni haki ambayo dola humpa mvumbuzi ili awazuie wengine kutengeneza au kuuza uvumbuzi wake kwa muda maalumu. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika tarehe 1 Januari 1995, uliweka muda huo kuwa angalau miaka 20, na ukataka dawa zilindwe kama bidhaa nyingine yoyote. Kufikia mwaka 2000, tiba ya VVU katika nchi tajiri iligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. India, ambayo tangu sheria yake ya 1970 haikulinda bidhaa za dawa kwa hataza, ilikuwa na muhula hadi 2005. Februari 2001 kiwanda cha Cipla kikatangaza tiba ya dawa tatu kwa dola 350 kwa mwaka. Dolutegravir ilipita njia nyingine: mwaka 2014 mwenye hataza, ViiV Healthcare, aliruhusu viwanda vingine kuitengeneza kupitia taasisi ya Medicines Patent Pool. Bei ya TLD ilitangazwa kuwa dola 75 hivi kwa mwaka mnamo 2017, na kufikia 2023 ilikuwa chini ya dola 45. Molekuli haikubadilika hata chembe.

Sheria hiyohiyo yaweza pia kufunga mlango. Mwaka 2008 Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia. Nia yake ilikuwa njema, ila tafsiri yake ya neno "bandia" ilikuwa pana kiasi cha kuweza kuzikumba dawa halali za viwanda visivyo vya mvumbuzi. Watu 3 wanaoishi na VVU wakaipinga katika Mahakama Kuu jijini Nairobi. Tarehe 20 Aprili 2012, Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba vifungu husika, kwa kadiri vilivyogusa dawa hizo, vilikiuka haki za uhai, utu na afya zilizomo katika Katiba. Kesi nzima ilisimama juu ya neno moja. Dawa bandia humdanganya mgonjwa kuhusu asili au viambato vyake. Dawa ya kiwanda kingine, iliyosajiliwa na kupimwa ubora, haimdanganyi mtu. Kama kuna ugomvi wa hataza, huo ni wa wafanyabiashara wenyewe.

Hapa kwetu mambo mawili huchanganywa. TMDA hukagua ubora, usalama na ufanisi wa dawa. Hataza Tanzania Bara husajiliwa na BRELA, chini ya sheria ya mwaka 1987. Zanzibar ina sheria yake ya 2008, kwa kuwa miliki ubunifu si jambo la Muungano. Nchi zenye maendeleo duni, Tanzania ikiwamo, zimeruhusiwa kutolinda dawa kwa hataza hadi tarehe 1 Januari 2033. Ruhusa hiyo haijitekelezi. Sharti iandikwe katika sheria ya nchi. Uganda iliiandika mwaka 2014. Sheria ya Bara ilitungwa kabla ruhusa hiyo haijazaliwa.

Ndiyo maana shahada ya uzamili katika fani hii haiwahusu mawakili peke yao. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huifundisha kwa ushirikiano na ARIPO, shirika la kikanda la miliki ubunifu lenye makao Harare; Africa University ya Mutare, Zimbabwe, imeifundisha tangu 2008. Wanafunzi husoma mikataba, leseni ya lazima chini ya ibara ya 31 ya TRIPS, na Azimio la Doha la Novemba 2001 lililothibitisha kwamba nchi yaweza kutoa leseni hiyo kulinda afya ya umma. Mfamasia ana faida asiyoijua: madai ya hataza ya dawa huandikwa kwa lugha ya kemia, na hapo wanasheria wengi hukwama. Naye mfamasia wa Dodoma yu karibu na Bunge, Wizara ya Afya na Chuo Kikuu cha Dodoma, mahali ambapo muswada waweza kusomwa na kuhojiwa kabla haujawa sheria.

Kazi ya kusoma haijakoma. Oktoba 2024 kampuni ya Gilead iliviruhusu viwanda 6 kutengeneza lenacapavir, sindano ya VVU inayochomwa mara 2 kwa mwaka, kwa ajili ya nchi 120. Mkataba huo uko wazi kwa umma, kwa Kiingereza cha kisheria, kifungu baada ya kifungu.