Sentimita tano ndani ya kontena

Ndugu wanakoperative, kabla ya kuuliza bei tushike mita. Kontena ya futi 40 ina upana wa ndani wa mita 2.35 hivi. Pikipiki ya umeme ya magurudumu matatu yenye sanduku la mizigo la mita 1.20, zikikaa mbili ubavu kwa ubavu, ni 2.40. Sentimita tano tu zinatunyima mstari mzima, na tunalipia hewa toka China mpaka Dar, treni mpaka Kigoma, boti mpaka Kalundu.

Tuombe kiwanda kifungue masanduku, pande zilazwe, magurudumu yatoke, fremu zipandane. Lakini mota na nyaya zisiguswe: hapa Songo fundi wake ni wa kutafuta. Batri za litiamu tuzitangaze kama mzigo wa hatari, hata muuzaji akisema acheni tu.