Gari linavuja oili? Usikimbilie kushusha injini

Niko Morogoro, mji kasoro bahari. Leo siasa tuziweke pembeni kidogo. Nataka niongelee kitu kinachowatoa jasho vijana wengi tuliojichanga tukanunua mkweche: gari kuvujisha oili. Ada ya somo hili nimeshalipa mimi, wewe soma bure.

Gari langu ni Corolla 110, injini ya 5A. Kila asubuhi nilikuwa nakuta doa jeusi chini, najipa moyo kwamba magari ya zamani ndivyo yalivyo. Mpaka siku nampeleka mama msibani Mgeta. Tumeshapita Mlali, tumeanza kupanda zile kona za Uluguru, taa nyekundu ya oili ikawaka kwenye kona. Ikazima. Kona ya pili ikawaka tena. Nikasimama, nikazima injini, nikaweka jiwe nyuma ya tairi. Kuchomoa kijiti cha kupimia oili, kikavu kabisa! Mama akaniangalia tu akasema, "Mwanangu, si nilikuuliza lile doa?" Mpaka nimepata pikipiki ya kunitafutia oili, tunafika makaburini watu wameshatawanyika. Aliyezikwa ni dada yake wa tumbo moja. Hilo ndilo lililonifanya niandike.

Kwanza tuelewane kuhusu ile taa. Wengi tunadhani inafanya kazi kama geji ya mafuta, yaani oili ikipungua itatuambia mapema. SIYO. Ile taa inaangalia presha ya oili, haiangalii kiasi. Oili ikipungua sana, ukipanda mlima au ukikata kona ile kidogo iliyobaki inakimbilia upande mmoja wa sampu, pampu inavuta hewa, presha inaanguka, taa inawaka. Ukiendelea kukanyaga, beringi za krenki zinasagika na injini inanoki. Kwa hiyo ikiwaka zima injini hapohapo, usiseme ngoja nifike. Na kijiti pima kila wiki, gari likiwa sehemu tambarare, limezimwa kwa dakika kadhaa. Kwa magari mengi madogo, kutoka alama ya chini mpaka ya juu ni kama lita moja hivi.

Niliporudi mjini nikaenda gereji ya kwanza. Fundi akachungulia nusu dakika, akasema injini ishushwe, sili zote zibadilishwe. Bei aliyotaja ilizidi mshahara wangu wa mwezi. Gereji ya pili wakabadilisha gasketi ya tapeti kava na kupaka silikoni kama wanapaka siagi kwenye mkate. Wiki mbili, oili ikarudi palepale.

Wa tatu alikuwa mzee mmoja anayefanyia kazi chini ya mwembe. Nikamwamkia, nikamweleza. Hakushika spana. Akaniuliza, "Kijana wangu, umeshawahi kuiosha hii injini?" Nikasema bado. "Sasa utajuaje inavuja wapi na yote imechafuka?" Hapo ndipo shule ilipoanza. Nawapa hatua zake kama alivyonipa.

1. HAKIKISHA NI OILI YA INJINI. Tandika kartoni chini ya gari usiku mzima. Doa la kahawia au jeusi mara nyingi ni oili ya injini. Jekundu mara nyingi ni hidroliki ya gia boksi ya otomatiki au ya usukani. La kijani au pinki ni kulanti ya rejeta. Maji matupu baada ya kuwasha AC ni kawaida, usihangaike.

2. OSHA. Injini ikiwa ya baridi, funika distribyuta na altaneta kwa mfuko wa nailoni, sugua mafuta kwa brashi na sabuni ya unga, suuza bila kumwaga maji kwa fujo, acha ikauke. Halafu nyunyiza poda ya mtoto sehemu unazozishuku. Endesha kidogo, rudi utazame kwa tochi. Poda iliyolowa itakuonyesha njia.

3. ANZIA JUU. Oili inateremka, na upepo unaisukuma nyuma. Tone linalodondokea kwenye sampu linaweza kuwa limetoka juu kabisa kwenye tapeti kava. Tafuta sehemu ya juu kuliko zote iliyolowa, hiyo ndiyo mwizi wako.

4. ANZA NA VYA BEI NDOGO. Filta haijakaza, au gasketi yake ya zamani imebaki imeganda? Bolti ya kumwagia oili, washa yake imechoka? Swichi ya presha ya oili inavujia kwenye waya? Ukishamaliza hapo ndiyo uende gasketi ya tapeti kava. Na kwa injini hizi za 5A usisahau ule mpira wa duara wa distribyuta. Ni kitu kidogo sana, lakini ukikakamaa oili inateremkia upande wa gia boksi na fundi mwenye haraka anakwambia ni sili ya nyuma ya krenki. Hiyo ya nyuma kweli ni ghali, maana lazima gia boksi ishuke. Tofauti ya gharama ni kama mbingu na ardhi.

5. INJINI INAPUMUA? Hapa ndipo nilipopigwa mimi. Ndani ya injini kuna gesi zinazopenya kwenye ringi za pistoni. Zinatakiwa zitoke kupitia vali ndogo inayoitwa PCV, iliyochomekwa juu kwenye tapeti kava, zirudi kuungua. Vali ikizibwa na tope la oili chafu, gesi zinakosa njia, presha inapanda ndani na kusukuma oili kwenye kila gasketi iliyo dhaifu. Unaweza kubadilisha gasketi mpaka uchoke. Mzee akaichomoa ya kwangu, akaitikisa sikioni. Kimya. Nzima inatakiwa ilie kachakacha. Tukaiosha kwa petroli, haikufunguka, nikanunua nyingine. Haikufika hata nusu ya bei ya galoni ya oili! Angalia na mpira wake wa hewa kama umepasuka. Ila kama vali ni nzima, bado mdomo wa kujazia oili unapuliza kwa nguvu na ekzosi inatoa moshi wa bluu, hapo ringi zimekwisha. Usitupe hela kwenye gasketi.

Baada ya hapo tuliweka gasketi mpya ya tapeti kava. Alikwangua silikoni yote ya zamani, akasafisha pande zote mbili zikawa kavu, akagusa silikoni kidogo tu kwenye kona, akakaza nati pole pole kwa zamu. "Ukikaza kwa hasira unapinda kava," alisema. Silikoni ikizidi, inayotokeza ndani inakatika, inaanguka kwenye sampu na kuziba chujio la pampu. Unaziba tundu, unaua injini.

Na zile dawa za kumimina za kuzuia kuvuja? Nyingine zinalainisha na kuvimbisha kidogo sili za mpira zilizokakamaa, zinaweza kukusogeza mbele. Gasketi iliyokatika hazitibu. Usizitegemee.

Siyo kila uvujaji ni wa kufa na kupona. Injini ya zamani ikitoa jasho tu bila kudondosha, pima oili, endelea na maisha. Kama inakula nusu lita kwa mwezi, ni lita 6 kwa mwaka, galoni moja na nusu ya lita 4. Kama tatizo ni sili ya nyuma na hali yako ni ngumu, unaweza kuongezea oili mpaka siku ya kubadilisha klachi, maana gia boksi itashuka tu, unaunganisha kazi. Ila USISUBIRI kama inadondokea kwenye ekzosi (moto huo), au inalowesha taiming belti.

Jambo la mwisho. Oili chafu usimwage mtaroni. Sisi tuko chini ya Uluguru, mito inayotoka kwenye ile milima ndiyo inalisha bwawa la Mindu tunalotumia hapa mjini, na Ruvu inayokunywewa mpaka Dar. Ikinge kwenye dumu, wapelekee wanaoikusanya.

Gari langu sasa lina miezi kadhaa kartoni ni kavu. Nimeshapanda nalo Mgeta mara mbili, mara ya kwanza kumpeleka mama kuweka maua kaburini. Alipokuwa anapanda garini aliinama kwanza akachungulia chini. Sikumkasirikia.

Mafundi na wenye uzoefu, mwageni nyongeza. Naomba kuwasilisha.