Kabla hujamnyang'anya simu, tazama anacheza nini

NI saa mbili usiku. Chakula kiko mezani, lakini mtoto bado ameinamia simu, vidole vinakimbia. "Nakuja mama, namalizia tu hatua hii," anasema. Dakika kumi zinapita. Mama anaikwapua simu, baba anaongeza kuwa huo ni upuuzi unaoharibu akili, na watu wanakula wamenuna.

Tukio hili ni la kawaida katika nyumba nyingi. Kwa mzazi, gemu ni kelele, risasi na muda unaopotea. Ni wachache wanaojiuliza kama ndani ya kelele hizo kunaweza kuwa na sanaa, kama ilivyo katika wimbo mzuri, filamu au kinyago cha mpingo.

Jibu mojawapo limeimbwa kwa Kiswahili.

Kwaya ndani ya gemu

Mwaka 2005 ilitoka gemu iitwayo Civilization IV, ambayo mchezaji huongoza taifa tangu enzi za kale hadi zama za safari za anga za juu. Kabla hajaanza kucheza, hukaribishwa na wimbo "Baba Yetu", yaani Sala ya Bwana kwa Kiswahili, ulioundiwa muziki na Mmarekani Christopher Tin. Februari 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy, ukawa muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya gemu kushinda tuzo hiyo. Leo huimbwa na kwaya za nchi mbalimbali, na mtu anaweza kuupenda bila kuwahi kuigusa gemu yenyewe.

Majumba ya makumbusho nayo yameanza kuzipa gemu nafasi. Novemba 2012, jumba la sanaa ya kisasa la MoMA mjini New York lilitangaza kuingiza gemu 14 katika hazina yake, likizihesabu kuwa kazi za usanifu. Miongoni mwake zilikuwamo Pac-Man ya mwaka 1980 na Tetris, ile ya kupanga vipande vinavyodondoka, iliyobuniwa mwaka 1984 na Alexey Pajitnov mjini Moscow.

Wazazi waliosimulia msiba wao

Mfano unaomgusa mzazi zaidi ni wa Ryan na Amy Green wa Marekani. Mtoto wao, Joel, aligundulika kuwa na saratani akiwa na umri wa mwaka mmoja hivi. Wakiwa bado wanamuuguza, walianza kutengeneza gemu kuhusu maisha yao. Joel alifariki dunia Machi 2014 akiwa na miaka mitano. Gemu hiyo, That Dragon, Cancer, ilitoka Januari 12, 2016, siku ambayo angetimiza miaka saba.

Katika sehemu moja, baba yuko hospitalini usiku na mtoto analia. Mchezaji anajaribu kila njia ya kumtuliza, lakini hakuna inayofaa. Katika gemu za kawaida, ukibonyeza unapata matokeo. Hapa unabonyeza na mtoto anaendelea kulia. Aliyewahi kukesha na mgonjwa wodini anaijua hali hiyo, na asiyewahi anaionja kwa mikono yake mwenyewe. Kitabu kingeweza kuieleza na filamu ingeweza kuionyesha, lakini gemu inamweka mtu ndani yake.

Aliyehukumu kabla ya kucheza

Si kila mtu anakubali. Mwaka 2010 mhakiki maarufu wa filamu wa Marekani, Roger Ebert, aliandika kuwa gemu haziwezi kamwe kuwa sanaa. Hoja yake ilikuwa kwamba gemu ina kanuni, pointi na mshindi, ilhali sanaa haina kushinda wala kushindwa. Wachezaji walimjia juu kwa maelfu. Miezi michache baadaye, bila kubadili imani yake, alikiri kuwa hakupaswa kutoa hukumu juu ya kitu ambacho hakukifahamu kwa kukicheza.

Wazazi wengi wako alipokuwa Ebert: wanahukumu wakiwa mlangoni.

Mzazi afanye nini?

Kusema gemu inaweza kuwa sanaa si kusema kila gemu ni sanaa. Nyingine zimetengenezwa ili mchezaji asiweze kuacha, na kila akikwama aombwe kununua kitu. Hata gemu nzuri ina kiasi chake. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeuingiza uraibu wa gemu katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni kushindwa kujizuia, gemu kutangulia mambo mengine yote, na mtu kuendelea kucheza hata anapoona madhara.

Kwa hiyo, mzazi aanze kwa kukaa. Robo saa pembeni ya mtoto inatosha kuuliza: Huyu ni nani? Anatafuta nini? Sehemu gani unaipenda? Mtoto anayeweza kusimulia hadithi, kusifia michoro au kuimba muziki wake anapata kitu. Asiye na la kusema ila pointi na pesa, hapo pana la kuzungumza.

Pili, aangalie umri ulioandikwa kwenye gemu kabla haijapakuliwa. Alama ya 18 haipo kama pambo.

Tatu, wakubaliane mwisho kabla ya kuanza: hatua moja, kisha mezani. Kumkatiza katikati ni kama kuzima runinga dakika tano kabla mchezo haujaisha.

Na chakula kikiwa mezani, mtoto aulizwe ilikuwaje. Huenda mazungumzo yakarudi kwenye meza ambayo juzi watu walikula wamenuna.