Uvimbe Adimu Unapoziba Utumbo

Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa takribani mita 6, lakini uvimbe huota humo kwa nadra. Hapo ndipo hatari ilipo, kwani maumivu yanayokuja na kuondoka hudhaniwa kwa miezi kuwa minyoo au vidonda vya tumbo. Uvimbe ukikua huziba njia. Pengine huvuta kipande cha utumbo kikajipenyeza ndani ya kingine, mithili ya mkono wa shati uliokunjwa kwa ndani.

Kwa watoto wa Afrika Mashariki upo uvimbe wa Burkitt, uliopewa jina la daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, aliyeueleza mwaka 1958. Huonekana zaidi mabondeni penye joto na mvua kuliko milimani. Tukuyu iko juu, lakini familia nyingi zina ndugu Kyela. Taya au tumbo huvimba kwa majuma machache tu. Hata hivyo, uvimbe huu husikia dawa ukiwahiwa.

Tumbo likisokota na kujaa, mgonjwa akitapika, asipate choo wala kutoa upepo, asipewe dawa ya kuharisha wala kupigwa bomba. Asile, apelekwe siku hiyo hiyo Hospitali ya Wilaya, Tukuyu, au Igogwe. Wanaohitaji uchunguzi zaidi hupewa rufaa ya Mbeya. Kinyama kilichotolewa kwenye upasuaji hupimwa maabara, na ndugu wafuatilie majibu hata kidonda kikipona, kwa kuwa ndiyo yanayoonyesha kama mgonjwa anahitaji dawa za saratani.